Namna ya kuitetea rai isiyopendwa kuhusu katuni inayopendwa na wote

Ukisema mbele ya watoto na wazazi wao kwamba Simba wa The Lion King hakustahili ufalme, utazomewa kabla hujamaliza sentensi. Usinyamaze kwa sababu hiyo. Muvi za katuni zinazotazamwa na familia nzima hupendwa tangu utotoni, na kitu tulichokipenda utotoni hatukichunguzi, tunakilinda. Anayeona kasoro humo ana wajibu wa kuionesha pale ilipo kwenye picha, ili hata asiyekubaliana naye aione. Maelezo haya ni ya kuandaa jioni ya hoja za namna hiyo nyumbani au barazani, bila kiingilio, iwe Mikindani, Masasi, Nachingwea au Kilwa. Ukitaka kutoza kiingilio, hilo ni onesho la hadhara na lina vibali vyake. Ulizia kwanza kwa ofisa utamaduni wa halmashauri yako.

Rai ni nini, na nini si rai

"Frozen inachosha" si rai. Hapo msemaji anajieleza yeye mwenyewe tu. "Wazazi wa Elsa ndio walioileta baridi ile" ni rai, kwa sababu mtu anaweza kusimama na kuonesha kwamba si kweli. Kipimo ni hicho: je, kuna sehemu ya muvi ambayo ikioneshwa inaweza kukushinda? Kama haipo, rai bado haijaiva.

Angalia pia kama rai yako kweli haina mashabiki. Ukisema dakika za mwanzo za Up ya mwaka 2009 zinaipita muvi yote iliyobaki, hujasema jipya. Hivyo ndivyo wengi wanavyosema. Utapigiwa makofi, lakini hakutakuwa na mjadala.

Iandike rai kwenye daftari kwa sentensi moja isiyozidi maneno ishirini. Kisha itazame muvi mara mbili. Mara ya kwanza iache iende bila kusimamisha. Mara ya pili simamisha kila unapoona ushahidi na uandike dakika na sekunde. Chagua sehemu tatu, kila moja isizidi dakika mbili. Ukizidisha hapo watoto wataanza kudai muvi yote, na hoja itakufia mkononi.

Halafu tafuta sehemu ya nne, ile inayokupinga wewe, uioneshe mwenyewe. Hatua hii ndiyo wengi wanairuka, na ndiyo inayowaangusha. Kila baraza lina mtoto wa miaka tisa anayeijua muvi kwa moyo. Usipoitaja sehemu hiyo ataitaja yeye, na baada ya hapo hutasikilizwa tena.

Kabla ya kuilaumu muvi, hakikisha ni muvi

Nakala nyingi zinazozunguka kwenye flashi na kwenye mabanda ya video ni zile zilizotafsiriwa: sauti ya mtafsiri iko juu ya sauti ya awali. Mtafsiri mzuri ni msanii. Huongeza methali, huchekesha, huwapa wahusika majina ya mtaani, na pale asipoelewa hujaza mwenyewe. Matokeo yake ni kwamba mtu hukasirishwa na sentensi ambayo haimo kabisa katika muvi. Kama rai yako inategemea maneno ya mhusika, tafuta nakala ya awali yenye maandishi chini na ulinganishe sehemu ile moja. Kama inategemea matendo, nakala yoyote inafaa. Ndiyo maana ni salama zaidi kujenga hoja juu ya matendo. Mkono ukifunga lango, umefunga lango kwa lugha zote.

Kagua na toleo. The Lion King ya mwaka 1994, iliyochorwa, ina dakika 88. Ile ya mwaka 2019, iliyotengenezwa kwa kompyuta ikafanana na wanyama halisi, ina dakika 118. Ukinukuu dakika za moja huku watu wanatazama nyingine, utaonekana mwongo.

Baba yake Nemo

Kwa watu wa pwani ya kusini, Finding Nemo ya mwaka 2003 ndiyo pa kuanzia, kwa sababu baraza zima lina ujuzi wa bahari kuliko muvi yenyewe. Rai isiyopendwa ni hii: Marlin, yule baba mwoga wa samaki mdogo Nemo, alikuwa sahihi.

Sehemu ya kwanza ni mwanzo kabisa. Mzia anawavamia, mama anapotea pamoja na mayai yote isipokuwa moja. Ioneshe, kisha uliza: aliyebakiwa na mtoto mmoja kati ya mamia, akiogopa, ni mwoga? Sehemu ya pili ni ukingo wa mwamba, pale matumbawe yanapoishia na kina kuanza. Baba anakataza, mtoto anakwenda kuigusa boti, mzamiaji anamchukua. Hatari aliyoitaja baba ilitokea, na ilitokea palepale alipopataja. Sehemu ya tatu ni ya papa aliyeapa kutokula samaki: Dory, samaki anayesafiri na Marlin, anatoka damu kidogo puani, harufu inamfikia papa, na kiapo kinaisha. Mzazi wa Shangani au Msimbati anayemkataza mtoto kuingia majini wakati wa bamvua hahitaji kuelezwa zaidi.

Sasa sehemu ya nne, inayokupinga. Rudisha ile ya pili, anza sekunde chache nyuma, na utazame polepole. Wenzake Nemo wanashindana kusogea kwenye kina. Yeye amesita, amebaki karibu na mwamba. Ndipo baba anapotokea na kumkemea mbele ya wenzake, akimwambia kwamba anadhani anaweza mambo hayo lakini hawezi. Mtoto anaondoka baada ya maneno hayo. Simamisha picha hapo mara mbili: anaposita kabla baba hajafika, na anapokuwa peke yake majini kuelekea boti. Kati ya picha hizo mbili hakuna kilichobadilika baharini. Kilichoongezeka ni aibu.

Ukifika hapo rai yako itabadilika sura, na ni vizuri ibadilike: Marlin aliijua bahari, ila hakujua kusema na mtoto mbele ya rika lake. Hii ina nguvu kuliko ile uliyoanza nayo, na itawafanya wazazi wanyamaze kidogo.

Kuna silaha moja inayovutia na isiyofaa. Samaki wa jamii ya Nemo huishi kwa makundi madogo ambamo jike ndiye mkubwa, na jike akifa, dume lake hugeuka kuwa jike. Ni kweli kabisa. Samaki wa jamii hiyo wanapatikana pia katika pwani yetu, na matumbawe wanamoishi yamo ndani ya hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi na mlango wa Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Lakini ukisimama na kusema "kisayansi Marlin angekuwa mama", umefunga mjadala badala ya kuufungua. Watu watacheka, watoto watauliza maswali mengine kabisa, na hakuna atakayerudi kwenye ukingo wa mwamba. Liweke jambo hilo la mwisho, wakati wa kunywa chai.

Fisi, ngiri na majina yao

The Lion King ina rai nyingi zinazoweza kutetewa. Zenye nguvu zaidi kwetu ni mbili.

Ya kwanza: muvi hii ilimwonea fisi. Mtafiti Hans Kruuk aliwafuatilia fisi madoa Serengeti na Ngorongoro miaka ya 1960, na kazi yake ilionesha kwamba wanawinda wenyewe sehemu kubwa ya chakula chao, na mara nyingi simba ndiye anayekuja kuwapokonya. Tegemea kupingwa mara moja na mzee atakayesema, "Lakini hata ngano zetu zinamsema fisi." Ni kweli, fisi wa ngano zetu ni mlafi na mjinga. Kubali haraka, kisha uoneshe tofauti: fisi wa ngano hudhurika mwenyewe kwa ulafi wake, fisi wa muvi analaumiwa kwa ukame wa nchi nzima. Sema pia walichopatia watengenezaji, maana usipokitaja utaonekana umekuja kwa ugomvi. Kiongozi wa wale fisi watatu ni jike, na kwa fisi madoa ndivyo ilivyo, majike ndio wakubwa wa kundi.

Kisha liguse jina lake. Anaitwa Shenzi. Mtoto wa Marekani husikia sauti ngeni. Mtoto wa Lindi husikia tusi hata kabla mhusika hajatenda kosa lolote. Pumbaa, yule ngiri, naye ameitwa kwa kitenzi cha kupumbaa, na Sarabi, mama yake Simba, jina lake ni mazigazi, yale maji ya uongo unayoyaona barabarani jua likiwaka. Msemo maarufu wa muvi hiyo, "Hakuna matata", ulisajiliwa Marekani mwaka 2003 kama alama ya biashara ya nguo, ilhali huku kwetu mtu akitaka kukutoa hofu atakuambia "hamna shida". Wasemaji wa Kiswahili ndio pekee wanaoisikia muvi hii kwa masikio hayo, na hoja ya namna hii haiwezi kuletwa na mtu mwingine yeyote. Itumie.

Rai ya pili ni nzito, na inafaa zaidi kwa watazamaji wa miaka kumi na kuendelea: muvi inaficha njaa ya simba. Simba anakua kutoka mtoto hadi dume lenye manyoya shingoni kwa kula wadudu, akilala pembeni ya ngiri. Katika wilaya za kusini watu wanamjua simba kwa njia nyingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 katika jarida la Nature ulihesabu zaidi ya watu 560 waliouawa na simba Tanzania tangu mwaka 1990, na eneo la kusini liliathirika sana. Chanzo kimojawapo ni nguruwe pori: wanaingia mashambani usiku, mkulima analala kwenye dungu kulinda mazao yake, na simba anamfuata nguruwe. Kuwa mwangalifu, Pumbaa ni ngiri, si nguruwe pori. Mwindaji mmoja barazani anatosha kukuumbua, hivyo litamke wewe kwanza.

Utaambiwa: "Hiyo ni ya watoto, ulitaka wamwage damu?" Jibu liko kwenye Madagascar ya mwaka 2005, ambayo nayo ni ya watoto. Alex, simba aliyezoea kuletewa nyama kwenye bustani ya wanyama, anafika porini, njaa inamshika, anaanza kuwaona rafiki zake kama vipande vya nyama, na anamng'ata rafiki yake Marty kweli. Ioneshe sehemu hiyo. Hakuna damu, na njaa imesemwa. Halafu mwenye jicho atauliza mbona suluhisho lao ni kumlisha Alex samaki. Hapo watoto waliotazama Nemo watawaka moto, na usiwazime.

Tahadhari moja isiyo ya mzaha: katika vijiji vya Lindi kuna familia zilizopoteza mtu kwa simba. Muulize mwenyeji kabla ya kuchagua rai hii. Akisita, chukua ya fisi.

Frozen ya mwaka 2013 haihitaji maneno mengi. Mzee wa majini ya mawe anawaambia wazazi kwamba hofu ndiyo itakayokuwa adui wa mtoto, nao wanafunga malango, wanapunguza watumishi na kumtenga na mdogo wake. Sehemu hiyo peke yake inatosha. Kuhusu Hans, mwanamfalme anayejifanya kumpenda Anna, mdogo wake Elsa, rai nzuri ni kwamba muvi ilimdanganya mtazamaji, si Anna tu. Tafuta pale boti inapompindukia majini baada ya Anna kuondoka. Yuko peke yake, hakuna wa kumwigizia, na bado anatabasamu kama mtu aliyependa.

Vifaa, na kinachoharibika

Shuka nyeupe ya sita kwa sita, isiyo na maua, inatoa picha nzuri. Pindisha ukingo wa juu, shona, pitisha mwanzi au bomba la maji la nusu inchi. Ukingo wa chini fanya hivyohivyo, ufunge chupa mbili za lita moja na nusu zilizojaa mchanga, moja kila pembe. Bila uzito huo, upepo wa kusi utaigeuza shuka kuwa tanga na nyuso za wahusika zitakuwa zinanyumbuka. Nyuma ya shuka weka turubai jeusi. Kanga haifai, mwanga unapita.

Projekta ya kawaida inahitaji karibu mita tatu ili itoe picha ya upana wa mita mbili. Pima mchana, kabla watu hawajaja na kukaa kwenye njia ya mwanga. Kama huna projekta, televisheni ya inchi 32 inawatosha watu kumi. Zaidi ya hapo wa nyuma wanasikiliza redio.

Sabufa ndiyo inayoharibu jioni nyingi. Watu hupandisha besi, na besi humeza maneno, ilhali maneno ni ushahidi. Shusha besi hadi nusu au chini ya hapo. Spika ziwe pembeni mwa shuka, juu ya stuli, usawa wa kichwa cha aliyekaa. Zikiwa chini, miguu ya mstari wa mbele inazifunika.

Kama unatumia kompyuta yenye programu ya VLC, bonyeza Ctrl na T, andika dakika na sekunde, nayo itaruka moja kwa moja hadi hapo. Kutafuta kwa kuburuta kule chini mbele ya watu arobaini kunapoteza subira yao. Kama unatumia flashi kwenye televisheni, kumbuka kwamba flashi iliyoandaliwa kwa FAT32 haipokei faili linalozidi GB 4, na baadhi ya televisheni hazisomi aina nyingine. Chukua nakala ndogo, na ijaribu kwenye televisheni ileile itakayotumika. Angalia na uniti za LUKU kabla ya magharibi.

Muda na zamu ya kusema

Anza baada ya sala ya Isha, kama saa mbili usiku, umalize saa tatu na nusu watoto wakalale. Usioneshe muvi nzima usiku huohuo. Ioneshe jana yake, au chagua ambayo wote wameshaitazama.

Kabla ya hoja yoyote, isome ile sentensi ya rai, gawa visoda, kimoja kwa kila mtu, na weka bakuli mbili: anayeikubali rai na anayeikataa. Hesabu, andika. Mwishoni rudia. Kinachotazamwa ni wangapi wamehama, maana rai isiyopendwa ikianza na visoda vinne ikaishia na tisa imefanya kazi kubwa, hata kama thelathini wamebaki upande ule mwingine. Usitumie korosho ghafi zenye maganda kama mbegu za kura: mafuta ya ganda hubabua midomo ya watoto. Zilizobanguliwa nazo zitaliwa kabla ya kuhesabiwa.

Msemaji aamkie wakubwa, kisha ataje jambo moja mahususi analolipenda katika muvi hiyo. Si "ni nzuri sana", bali sehemu fulani, sura fulani, wimbo unapoingia. Anayeonesha kwamba anaipenda anasamehewa mengi. Kisha aseme rai, aoneshe sehemu zake, na akae chini. Dakika kumi na tano zinamtosha, pamoja na picha. Mpinzani apewe dakika tano na haki ya kurudisha sehemu yoyote.

Baada ya hapo washa taa. Gizani watu hupiga kelele bila kujulikana. Kwenye mwanga hulazimika kuongea. Waanze watoto, kutoka mdogo kwenda mkubwa. Babu akishatoa maoni, mjukuu hawezi kusema tofauti, atarudia tu. Mtoto anayempinga mkubwa baadaye afundishwe njia: "Shikamoo babu. Mimi hapo nimeona vingine, naomba turudishe." Ombi la kurudisha picha halimvunjii mtu heshima, kwa kuwa wote mnatazama shuka, si uso wa babu. Mwenyekiti awe bibi au mjomba asiyetoa maoni yake kabisa hadi visoda vihesabiwe.

Atatokea wa kusema, "Ni katuni tu, mnajisumbua." Usimjibu kwa hotuba. Mwulize ni sehemu gani ya muvi anayoikumbuka zaidi, na mwekee hiyo.

Kifo cha Mufasa, baba yake Simba, usikioneshe kama rai yako haikitegemei. Mtoto mmoja akilia, wengine watamfuata, na mama zao wataondoka nao. Kama unakihitaji, mjulishe kila mzazi kabla.

Kura zikigawana sawa, usihesabu upya. Rudisha sehemu iliyobishaniwa zaidi, zima sauti, iache iende mara moja hadi mwisho wake, kisha kila mtu achukue kisoda chake akiweke tena. Halafu izime projekta kwa kitufe chake na usubiri feni isimame kabisa kabla ya kuchomoa waya ukutani. Balbu ikinyimwa upepo ikiwa bado moto, huungua mapema.